Musalaba Ndiyo Mita

Pale Shari, mtaa wa Bunia, ambapo barabara ya udongo inapinda ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau ufunguo, kuna bunge. Si lile la Kinshasa lenye viti vya ngozi. Hili ni bunge la kusimama: kila asubuhi wanaume wa mtaa wanaizunguka parasoli ambayo chini yake Yves anauza yunite za simu, na wanatawala nchi mpaka njaa iwarudishe nyumbani. Viti hakuna, posho hakuna, na sheria iliyowahi kupita ni moja tu: anayehutubia zaidi ya wengine anunue yunite.

Rais wa bunge alikuwa muzee Zacharie, mwalimu wa jiografia aliyestaafishwa pasipo pensheni, kwa hiyo maoni alikuwa nayo tele. Asubuhi hiyo alikuwa anaijibu redio. Redio ilikuwa imesema kwamba Bunia inakua.

“Ni kweli, inakua,” alisema. “Jipu pia inakua. Wakipiga masasi kule Djugu, watu wanakimbia, siye huku tunapata avenue mpya. Wakichoma kijiji upande ya Aveba, tunapata quartier, mutaa muzima. Halafu mukubwa anapanda gari, anaangalia mabati kwa dirisha, anasema: mji inakua!”

“Na dhahabu ya Bambu, muzee?” Yves alimchokoza, maana jibu alilijua na alilipenda.

“Dhahabu ya Bambu inapita hapa sawa mukwe aliyeona mama-mukwe yake. Kichwa chini, njia ingine, hata bonjour hapana.”

Bunge lilicheka, lakini kwa sauti ndogo. Tangu état de siège, utawala wa kijeshi, iingie, gavana ni mwanajeshi na meya ni polisi, na mtu mwenye akili anageuka kwanza kuona nani yuko nyuma yake, ndipo anacheka.

Yves hakuwa na desturi ya kugeuka. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, alikuwa na diploma ya Leta, ya serikali, iliyolala chini ya godoro la mama mukubwa wake ikipata usingizi ambao mwenyewe hakuupata, na alikuwa na ulimi. Huo ulimi ndio uliomlisha. Watu walikuja kucheka, wakaona haya kuondoka hivi hivi, wakanunua yunite.

Ndipo Bruno wa pikipiki alipofika, akazima mashine, akabaki ameikalia.

“Wakubwa, kuko watu na ndoo ya rangi nyekundu. Wanaandika misalaba ku nyumba, kutokea kule ku daraja.”

“Misalaba ya nini?” Zacharie aliuliza.

“Nani anajua? Wanapiga tu, hivi na hivi. Ukiwauliza, wanasema: mutajua.”

Mutajua. Hilo ndilo tangazo lote ambalo watu wa Shari walipewa. Na huku kwetu neno tupu halikai tupu. Ni kama nyumba iliyoachwa, lazima mtu ataingia. Yves aliingia.

“Bruno, na weye! Ulisoma mpaka wapi? Musalaba nyekundu, kwa Kifaransa wanasema namna gani?”

“Croix rouge.”

“Eeeh! Sasa unauliza nini tena? Ni misaada inakuya. Bâche, mafuta, maharagi. Nyumba iko na musalaba, inakula. Nyumba haiko na musalaba, inaangalia.”

Bunge lilivunjika mbavu. Bruno alipiga tangi la pikipiki kwa kiganja, pa! pa! pa!, na mpita njia mmoja akasimama, akasimuliwa mzaha tangu mwanzo, akanunua yunite. Zacharie peke yake hakucheka.

“Petit, mu hii mji usicheze na misaada. Njaa haijue mucheko.”

“Muzee, si ni mucheko tu?”

“Miye najua. Nimesema, njaa ndiyo haijue.”

Mzaha wa Bunia hautembei kwa miguu. Huu ulipanda pikipiki ya Bruno, ukateremka soko kuu, ukapita kwenye mazoezi ya kwaya, na uliporudi Shari Yves mwenyewe hakuutambua: ulikuwa umenenepa kwa sabuni, sufuria na mablanketi, na ulikuwa na shahidi, mtu aliyeusikia kwa mtu anayefanya kazi kule kule.

Tusiwacheke haraka. Katika mji huu karibu kila familia ilishawahi kusimama kwenye mstari mbele ya mtu mwenye jile, kile kizibao cha misaada, ikaandikwa. Ukiandikwa, unakula. Ukirukwa, unaenda kumwangalia jirani anavyopika. Mtu wa mji mwingine angeona alama nyekundu ukutani akaogopa. Mtu wa Shari aliiona kwa jirani akaona wivu.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, Yves alirudi nyumbani. Kufika kwao ilikuwa lazima upite ua wa Valérie, ambaye nyumba yake ilitazama barabara, kisha choo cha Valérie, kisha migomba, ndipo uone nyumba ya mama Suzanne. Mama Suzanne ni dada mkubwa wa mama yake Yves. Alimbeba mgongoni siku walipokimbia Aveba, na hakumtua tena mpaka alipojifunza kutembea. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na kuiuza sokoni. Nyumba hiyo aliijenga kwa matofali aliyoyafyatua mwenyewe kule bondeni, kiangazi baada ya kiangazi, na ukisogea karibu ungeona alama za vidole vyake zilizookwa ndani ya udongo. Mafundi walitaka kupiga plasta juu. Alikataa. Alisema, “Hii ni sinyatire yangu.”

Na sasa, juu ya sinyatire hiyo, sahihi ya vidole, kulikuwa na msalaba mwekundu. Mikono imenyooka, kingo safi, kazi ya mtu aliyejitahidi.

“Mama mukubwa, nani aliandika hapa?”

“Ni miye.” Alikuwa kwenye kinu, wala hakusimamisha mtwangio. “Wale watu walitupita. Wameandika kwa Valérie, wameandika kwa wote ya mbele, halafu wakarudi zabo. Siye si watu? Siye hatukukimbia? Nikaona rangi ya mulango ilibaki kidogo, nikasema, mwenye kunyamaza anabakia na sahani tupu.”

Yves alicheka mpaka akakaa chini.

“Mama mukubwa! Ile maneno ni miye nilitunga! Pale chini ya parasoli! Ni mucheko!”

Mtwangio ulisimama. Mama Suzanne alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili.

“Ni weye?”

“Ni miye.”

“Basi Mungu alisemesha punda ya Balaamu, atashindwa na weye?” Akaendelea kutwanga.

Yves aliinuka, akajifuta vumbi. Akauacha msalaba. Alijiambia kwamba haudhuru mtu, na isitoshe ulikuwa mzaha wa pili ndani ya ule wa kwanza, na mzaha uliozaa haufutwi. Kesho yake aliupeleka bungeni, punda na yote, na Bruno alilia machozi. Wiki hiyo misalaba ilizaliana Shari nzima. Yuko aliyeandika jikoni kwake. Yuko aliyeandika banda la kuku, akasema hata kuku walikimbia vita.

Mtu aliyefundisha ramani maisha yake yote anapenda kujua njia inaelekea wapi. Ijumaa Zacharie alivaa koti, akaenda mjini kuuliza, na aliporudi chini ya parasoli alivua kofia kwanza.

“Kuko kitu inaitwa Kamati ya Kupanua Barabara.”

Hakuna aliyewahi kuisikia.

“Wale watu ya ndoo ni yao. Wanatengeneza boulevard. Nyumba iko na musalaba inaanguka. Jumatatu mashine inakuya.”

“Inaanguka namna gani, muzee?” Bruno aliuliza. “Inaanguka-anguka?”

“Utilité publique, wamesema. Maana yake, parseli yako ya nyumba ni ya watu wote, isipokuwa weye.”

Wengine waligeuka kumtazama Yves. Hawakumwona. Alikuwa ameiacha parasoli wazi na yunite mezani, anakimbia kati ya pikipiki, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi.

Nyumbani walisugua msalaba kwa mchanga. Walisugua kwa majivu, kwa kisu, kwa petroli ambayo Bruno aliikamua kwenye tangi lake akaileta kwenye chupa ya fanta. Lakini mama Suzanne hakuwa mtu wa kununua rangi mbaya. Rangi ile aliichagua ishinde mvua za Ituri, na ilizishinda. Mwishowe wakapaka chokaa. Ilipokauka, msalaba ulirudi polepole kutoka ndani, wa waridi, kama damu inayopita bandeji.

“Paka tena,” mama Suzanne alisema.

Wakapaka tena. Ukarudi tena.

Jumamosi walikuwa bado wameshika brashi pale mkuu wa kamati alipotokea kati ya migomba, pamoja na polisi wawili, mmoja na ndoo ya rangi. Aliitwa Sébastien. Alikuwa na jile la rangi ya chungwa, viatu vilivyojaa vumbi, na uso wa mtu ambaye tangu asubuhi amekuwa akitukanwa kwa heshima.

“Nani anapakaa chokaa ku alama ya Leta?”

“Chef,” Yves alianza, na kwa mojawapo ya mara chache katika maisha yake akaamua kusema kweli tupu, jambo ambalo hakuwa na mazoezi nalo. “Hii haiko alama ya Leta. Mama alijiandikia yeye mwenyewe.”

Polisi mmoja alicheka. Sébastien hakucheka.

“Petit, weye ni wa ngapi leo? Nyumba ya kwanza kule: chef, nilijiandikia. Ya pili: chef, ni watoto walicheza. Huyu wa hapa mbele” – akanyoosha kidole kwenye ua wa Valérie – “ameshika Biblia, ameapa ni yeye alichora. Na ule musalaba niliandika na hii mukono! Shari muzima walijiandikia. Sasa siye na ndoo yetu, tulikuwa tunaandika wapi? Mu hewa?”

Valérie alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua wake. Alitazama chini. Yves hakuweza kumkasirikia. Nyumba yake pia ingeanguka, na kwa kuizuia aliokota kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu kilikuwa ni ukweli wa jirani. Tangu asubuhi watu wote walikuwa wameutumia, na sasa ulipofika kwa mwenyewe ulikuwa umechakaa, haumfuniki tena.

“Basi pima, chef,” alisema. “Barabara iko kule. Siye tuko huku, nyuma ya choo ya watu. Toa mita, pima.”

“Mita iko na ingénieur.”

“Na ingénieur iko wapi?”

“Kinshasa.”

“Sasa mulipima na nini?”

Sébastien alifuta uso kwa kitambaa. Hakuwa anatania. Hilo ndilo Yves alilolikumbuka baadaye, kwamba sentensi nzuri kuliko zote alizowahi kusikia pale Shari ilisemwa na mtu ambaye hakuwa anatania.

“Petit, musalaba ndiyo mita.”

Ndipo mama Suzanne alipoweka brashi chini. Hakupaza sauti. Alimshika Sébastien mkono wa shati, kama mama anavyomshika mgeni aliyechelewa kuingia kula, akampeleka mpaka mlangoni.

“Papa, angalia hii mulango. Halafu angalia ule ukuta. Ni rangi moya ao ni rangi mbili?”

Mlango ulikuwa mwekundu. Sébastien aliutazama. Akatazama ukuta. Akautazama tena mlango, akaugusa kwa kidole, akatazama na ndoo iliyobebwa na polisi, ambayo rangi yake ilikuwa nyepesi, ya kichungwa-chungwa, ya bei ya serikali. Yves aliona usoni mwake kwamba ameelewa. Ameelewa kabisa, mpaka mwisho. Yves akaanza kufunga kopo la chokaa.

“Nimeona, mama,” Sébastien alisema taratibu. “Nimeona.”

“Basi, papa?”

“Basi nikifuta ya kwako, kesho wote watapakaa mulango nyekundu.” Akashusha sauti zaidi, maana polisi walikuwa karibu. “Na kule juu walisha kupiga foto ya hii misalaba. Wamesema barabara iko pana. Miye ni nani nirudie niseme iko ndogo?”

Akaondoka kwa njia ya migomba, akiinamisha kichwa ili majani yasiguse kofia yake.

Jumatatu mashine ilikuja. Mama Suzanne alikuwa ameshang'oa mlango, madirisha na mabati. Valérie, ambaye ya kwake ilikuwa imeanguka saa za mapema, alikuja kumsaidia kubeba, na hawakuzungumza juu ya Biblia. Dereva alipokanyaga mafuta mama Suzanne alimnyooshea kiganja asubiri. Akaingia ndani na ufagio. Akafagia chumba hiki na kile, akatoa takataka nje, akazikusanya pembeni.

“Sitoe nyumba chafu,” alimwambia dereva. “Sasa fanya kazi yako.”

Matofali yaliyookwa na alama za vidole vyake yalivunjika kama mkate wa jana. Yves alisimama akitafuta kitu cha kusema. Ulimi ulikuwepo mdomoni, mzito, kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike.

Kisha wakubwa walikuja kuweka jiwe la kwanza. Walifunga hema pale penye kona, wakaleta viti vya plastiki vyenye mikono, kwaya ikaimba, kamera zikasogea. Parasoli ya Yves iliombwa ihame kwa sababu za usalama. Kwa hiyo siku viti vilipofika kwenye bunge la Shari, bunge lenyewe lilisimama ng'ambo ya barabara likiviangalia. Mkubwa alisema mji unakua. Watu walipiga makofi. Wengine waligeuka kwanza kuona nani yuko nyuma yao, ndipo wakapiga kwa nguvu zaidi.

Siku hiyo hiyo mashine ikaondoka. Ilisemekana ina kazi mahali pengine. Ikabaki barabara pana ya vumbi, na jiwe la kwanza, ambalo mbuzi wa mtaa walilipenda kwa sababu linapata jua mapema. Upana wenyewe ulikomea kwenye choo cha Valérie. Haukufika kwa mama Suzanne. Na kati ya barabara na kiwanja chake kitupu, migomba ilikuwa bado imesimama, mizima, na mikungu yake. Mashine iliizunguka. Migomba haikuwa na msalaba.

“Sasa hata vumbi iko na boulevard,” Zacharie alisema chini ya parasoli. Hakuna aliyecheka, na yeye hakutaka wacheke. “Nilifundisha watoto kwamba barabara inatoka fasi moya inaenda fasi ingine. Ningefundisha nini sasa? Hii inatoka ku jiwe, inaenda ku choo.”

“Yves,” Bruno alisema, “na weye sema kitu.”

“Yunite ya ngapi?” Yves aliuliza.

Watu wa misaada walifika mvua ilipoanza. Walikuwa na majile meupe na adabu nyingi. Waliuliza ni akina nani wasio na pa kulala, na Shari safari hii ilikuwa nao. Waliandika jina la Valérie. Walipita kati ya migomba, wakamkuta mama Suzanne amekaa kwenye kinu chake kilichogeuzwa, katikati ya sakafu iliyokuwa sebule, wakaandika na jina lake. Hakuwaambia kitu kuhusu msalaba. Walimpa bâche ya turubai, chupa ya mafuta, mfuko wa maharagi. Na sabuni. Na sufuria. Na blanketi, kama vile yule shahidi wa sokoni alivyosema.

Yves aliitwa kuja kufunga kamba. Alizifunga kwenye migomba, kwa kuwa hapakuwa na kingine kilichosimama, na walipomaliza wakaingia chini ya turubai wote wawili. Matone yalikuwa yanapiga juu yao, makubwa, na mwanga wa ndani ulikuwa wa buluu, kama ndani ya chupa. Mama Suzanne alipanga vitu vyake kwenye sakafu, kimoja kimoja, akivigusa kwa kidole.

“Bâche,” alisema. “Mafuta. Maharagi. Mutoto yangu, haukusema bongo, haukudanganya hata kidogo.”

“Mama mukubwa, nihurumie.”

“Nakuhurumia nini? Ulisema, imekuya. Iko watu mingapi mu hii mji wanasema kitu na inakuya? Hata wale wakubwa ya viti hawana ile kinywa.”

Aliifungua chupa ya mafuta, akanusa, akaifunga. Maji yalianza kuingia kwa upande wa barabara, mekundu, yakitafuta njia kwenye sakafu aliyoifagia. Akasogeza maharagi yasilowane, halafu akamgeukia mtoto wa mdogo wake. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

“Sasa fanya mucheko ingine,” alisema. “Safari hii, sema nyumba.”